Maoni ya Mgeni wa Turku

Asubuhi ile ya Jumamosi chumba cha chakula cha nyumba ya wageni ya Bi Malle kilikuwa kimefurika. Kwaya nzima ya akina mama ilikuwa imeshuka melini jana yake jioni, na sasa wanawake ishirini na sita wenye skafu za bluu walikuwa wanagombea mayai, uji na samaki wa siki, huku wakicheka kwa sauti ya kwanza mpaka ya nne. Nje, mji wa Tallinn wa mwezi Mei ulikuwa unaota jua, nyumba za mbao za mtaa wa Kalamaja zimefungua madirisha yote. Humo ndani hapakuwa na pa kuweka hata kikombe.

Ensio Huhtala alikuwa amejibana kwenye meza yake ya dirishani. Alikuwa fundi wa lifti kutoka Tampere, ng'ambo ya bahari, miaka hamsini na nne, mabega mapana na maneno machache. Tangu mkewe aondoke, miaka tisa iliyopita, kila mwezi Mei alivuka bahari kwa siku tatu, akala, akatembea, akarudi nyumbani bila kuwa amesema na mtu zaidi ya "asante". Mwanamke mmoja akaja akasimama mbele yake na sahani mkononi. Alivaa gauni la kitani rangi ya haradali na raba nyeupe, miwani imepandishwa juu ya nywele fupi zenye mvi.

"Ondoa gazeti," alisema.

"Samahani?"

"Gazeti lako limekalia kiti. Lenyewe halijalipia chumba, mimi nimelipia."

Ensio akaliondoa haraka mpaka akamwaga maziwa. Mwanamke akaketi, akapangusa meza kwa kitambaa chake mwenyewe, akaanza kula kwa raha.

"Uko chumba gani?" aliuliza.

"Nane. Cha mtu mmoja."

"Mimi tisa. Cha mtu mmoja vilevile. Dirisha langu linatazama ukuta."

"Langu linatazama mapipa ya taka."

"Una bahati. Mapipa angalau yanatembelewa na ndege."

Ensio akacheka. Alishtuka kusikia sauti yake mwenyewe, kwa maana hakuwa ameitumia hivyo siku nyingi. Mwanamke akajitambulisha kuwa ni Vuokko, wa Turku, mjane, kazi yake kuwapimia wazee mashine za masikio. "Kwa hiyo ukinong'ona nitakusikia," alisema, "na ukinyamaza nitakusikia zaidi." Kufikia mchana walikuwa wanatembea pamoja barabara za mawe. Kufikia Jumapili, melini, Ensio alikuwa ameshikwa mkono na hakujua auweke wapi ule mwingine.

Majira ya joto yalipita kwa treni na simu. Wiki hii yeye Turku, wiki ijayo mwenzake Tampere. Mzee mzima akawa anaimba ndani ya mashimo ya lifti, mafundi wenzake wakamwuliza kama ameanza kunywa. Mwezi Agosti akanunua pete mbili, maana kwa Wafini wote wawili huvaa tangu siku ya posa, akazificha ndani ya kopo la kahawa. Zikabaki siku za Oktoba walizopanga kurudi Tallinn, na swali la wapi walale.

"Nimepata hoteli tatu," Ensio alimwambia kwenye simu. "Ya kwanza ipo mji mkongwe."

"Mji mkongwe kuna vijana wanaaga ukapera, wanaimba mpaka alfajiri. Hapana, mpenzi."

"Ya pili bandarini."

"Nikalale nanusa meli? Hapana."

"Ya tatu ni ghorofa nane, ina sauna."

"Ina lifti?"

"Ipo."

"Basi hapana kabisa! Utashinda umeitegea sikio, mimi nitakaa na nani?"

Ensio alikuwa anatabasamu peke yake jikoni. Tatu zote alizitaja kwa hila, ili zikataliwe, maana moyo wake ulikuwa kwingine.

"Basi twende kwa Bi Malle," alisema. "Palepale."

Mzaha ukamwisha Vuokko.

"Popote, Ensio. Ila si pale."

"Kwa nini?"

"Kitanda kibaya."

"Kilikuwa cha mtu mmoja. Safari hii tutachukua cha wawili."

"Nimesema si pale, fundi wangu. Usinivute."

Jambo hilo halikumtoka. Meza ya dirishani ndipo alipotaka kuzitoa pete, na hapakuwa na meza nyingine duniani aliyoitaka. Labda nyumba imeharibika, aliwaza; labda kuna kunguni. Jumapili mchana akaketi na kompyuta akafungua maoni ya wageni, akayasoma kama anavyokagua lifti, kuanzia juu mpaka chini kabisa bila kuruka. Wajerumani walilalamika juu ya ngazi. Walatvia walisifu uji. Alipofika mwezi Mei akaona jina analolijua.

*Vuokko L., Turku. Amesafiri peke yake.* Tarehe ilikuwa ya Ijumaa, siku moja kabla ya kwaya.

*Chumba kidogo lakini safi. Mkate mweusi mzuri sana. Kwenye chumba cha chakula kuna mtu amekaa peke yake, amevaa sweta ya kijivu. Anakata mkate vipande vidogo vidogo kama anayemlisha mtoto, na mtoto hayupo. Ameshamaliza kula lakini haondoki, kwa sababu hana pa kwenda. Nimemtazama mpaka chakula kikanishinda. Mtu wa namna hiyo akianguka bafuni, nani atajua? Sitaki kumwona tena.*

Ensio akaisoma mara tatu. Ijumaa ile alikuwa pale dirishani mpaka saa nne. Sweta ya kijivu alikuwa ameivaa siku hiyo, na hata sasa, akisoma, alikuwa ameivaa.

Iliuma, na iliuma vibaya. Kumbe kesho yake mwanamke alikuja mezani pake kwa huruma, kama mtu anayemwokota paka aliyenyeshewa. Kila "mpenzi" aliyoitwa majira yote yale akaiona ni sadaka. Akavua sweta, akashuka nayo mpaka kwenye sanduku la nguo za msaada pale nje ya jengo, akaitumbukiza. Kisha akapanda ngazi kwa miguu, fundi wa lifti mzima, kwa sababu hakutaka kujiona kwenye ukuta unaong'aa wa lifti.

Vuokko alipiga simu Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alhamisi Ensio akapokea.

"Bwana wee, lifti zote za Tampere zimekwama nini?"

"Kazi nyingi."

"Mbona unaongea kama mashine ya benki? Nimekukosea wapi?"

"Hakuna."

"Ensio."

"Oktoba sitaweza kuja."

Mwanamke ambaye kazi yake ni kusikiliza alisikiliza, na hakusikia kitu cha kumsaidia.

"Haya," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo sana, akakata.

Septemba ikaja na majani mekundu, ikaondoka nayo. Ensio alifanya kazi, akala akiwa amesimama. Kila Ijumaa saa kumi na mbili jioni ilikuwa zamu yake ya sauna ya jengo, saa nzima yake peke yake, na alikaa kwenye ubao wa juu akimwagia mawe maji mpaka mvuke ukamziba uso. Kipindi cha joto, Vuokko aliwahi kukaa pale pembeni yake akimcheka kwa kuogopa moto. Sasa ubao ulikuwa mrefu mno. Alimkosa mpaka kwenye vidole, na kiburi kikamzuia kunyanyua simu. Alikuwa mpweke kuliko miaka yote tisa, kwa kuwa miaka ile hakujua anakosa nini.

Wiki ya saba, Ijumaa asubuhi, simu ikalia akiwa juu ya kibanda cha lifti. Nyuma ya sauti ya Vuokko kulikuwa na makelele ya bandari ya Helsinki, masanduku yanaburutwa, watoto wanalia.

"Sijapiga kukubembeleza," alisema. "Nimepiga kukuambia naenda, basi. Nitakuwa kwa Bi Malle."

"Ulisema popote ila si pale."

"Nilisema hivyo tulipokuwa wawili. Mtu akiwa mmoja hana haja ya kuchagua, analala popote."

Hasira ikampanda Ensio. "Vizuri. Kamwone tena yule mtu wako wa sweta ya kijivu."

Kipaza sauti kikataja jina la meli.

"Umesoma," alisema.

"Nimesoma. Ijumaa, dirishani, mpaka saa nne. Ungeniambia tu kwamba unanihurumia. Ningeelewa."

"Wewe?" Sauti yake ilipanda. "Ensio, Ijumaa ile wewe hata sikukuona!"

"Sasa ni nani?"

"Ulishawahi kwenda kwenye ile pembe, nyuma ya birika la kahawa?"

"Kufanya nini? Mimi nakaa dirishani."

"Kuna kioo. Kioo kikubwa kimeshika ukuta mzima. Nilikaa mbele yake, nikanyanyua macho, nikamwona mtu. Amevaa sweta, anakata mkate. Nilimhurumia kwanza, ndipo nikajua ni nani. Ni mimi, mjinga wewe!"

Kifini ni kama Kiswahili: mtu ni mtu, yeye ni yeye, na hakuna neno litakalokuonyesha kama ni bwana au bibi. Ensio alikuwa ameisoma mara tatu na kote alijiona mwenyewe. Akashika kamba ya chuma ya lifti.

"Mbona hukuandika 'mimi'?" aliuliza.

"Ningelia mezani. 'Yule mtu' inaandikika." Akavuta pumzi. "Sikutaka kurudi pale nimwone tena. Ndiyo sababu. Niliona aibu kukuambia, nikasingizia kitanda."

"Vuokko..."

"Ngoja, sijamaliza. Wiki saba. Ulikuwa na swali moja la kuniuliza, dakika moja tu, ukaona bora uninyime sauti yako wiki saba. Unajua nimekula na nani wiki zote hizo? Na yule. Amerudi kukaa nyumbani kwangu, Ensio, na aliyemleta ni wewe."

"Nakuja."

"Usije kwa kunihurumia. Sitaki huruma kama wewe usivyoitaka. Wanatuita kupanda." Simu ikakatika.

Fundi wa lifti alishuka, akamwambia bosi wake kwamba anaumwa, na hakuwa amedanganya. Akapitia kopo la kahawa. Treni, kisha meli, kisha matembezi kwenye mvua ya Oktoba mpaka kwa Bi Malle, aliyemtazama viatu vyake vinavyotiririsha maji akampa ufunguo wa chumba cha mtu mmoja, kwa kuwa hakuomba kingine. Alipita mbele ya mlango wa Vuokko na hakugonga. Aliogopa kuambiwa arudi alikotoka.

Asubuhi chumba cha chakula kilikuwa kitupu. Meza zote zilitandikwa na hakuna mtu, msimu ulikuwa umekwisha. Ensio akalizunguka birika la kahawa. Vuokko alikuwa ameketi pale kwenye pembe, amevaa gauni jeusi la sufu na shali, hajagusa chakula, macho kwenye kioo. Alimwona Ensio humohumo ndani ya kioo na hakugeuka.

Ensio akabeba kiti. Akakipitisha juu ya meza, akakiweka upande wa pili, mgongo wake ukagusa kioo, akaketi. Mabega yake yalikuwa mapana. Kioo kikazibika.

"Unaziba," Vuokko alisema.

"Najua."

"Kulikuwa na mtu hapo, nilikuwa namtazama."

"Ameondoka."

"Atarudi ukinyanyuka."

Safari hii Ensio hakungoja. "Nilikosea," alisema. "Niliogopa nikakutesa wewe. Sikuja kukuhurumia. Nimekuja kwa sababu kwangu kila kitu kimekuwa kirefu. Ubao wa sauna mrefu. Jioni ndefu."

Vuokko alimtazama bila kulainika. Macho yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye hakulala.

"Meza zote tupu, Ensio. Nenda kakae dirishani kwako."

"Nataka kukaa hapa."

"Siku ngapi?" aliuliza kwa sauti kavu ya mtu wa mapokezi.

Ensio akatoa pete zote mbili mfukoni, akaziweka kwenye kitambaa cha meza, karibu na siagi.

"Zote," alisema. "Kama pana nafasi."

Vuokko alizitazama. Kisha machozi yakamtoka, na hakuyaficha wala kuyafuta. Bi Malle alichungulia kutoka jikoni na sufuria ya uji, akaona, akarudi zake ndani taratibu.

"Nafasi ipo," Vuokko alisema. Akaichukua ile pete ndogo, akaivaa mwenyewe bila kungoja. "Lakini ukinyamaza tena wiki saba, nakutoa nje na mizigo yako."