Mafiga ya Zege ya Mama Firdausi

Sogezeni mikeka, watu wa Kisarawe na majirani zetu wa Kibaha, maana jambo lenyewe limetokea katikati yetu.

Asubuhi ile pale Kibuta nyumba ya Zena ilijaa ikafurika. Binti yake wa pekee, Firdausi, alikuwa anaolewa na kijana wa Mlandizi. Uani wanawake wanamenya vitunguu huku wanamchambua bwana harusi kuanzia unyayo, vigelegele havikauki, na Zena, mtu wa watu, anapita katikati yao anang'aa.

"Wifi, haya mafiga umeyatoa wapi?" aliuliza Rukaya, dada wa mumewe. "Yamelingana utadhani mapacha!"

"Nimechongesha kwa fundi, Kisarawe mjini. Ulidhani mwanangu nitampikia juu ya mawe ya kuokota?"

Wakacheka. Uongo wa kujipamba, mnaujua. Ukweli ni kwamba yale yalikuwa vigingi vya zege vyenye alama ya radi, vilivyosimikwa kuonyesha ulikopita waya mkubwa wa umeme uliofukiwa ardhini kutoka upande wa Kibaha. Mafundi wa umeme walikuja mpaka kwenye mkutano wa kitongoji wakasihi visiguswe. Zena aliving'oa peke yake alfajiri, akavipaka chokaa, alama ikapotea.

Mbuzi walipochinjwa, Mwinjuma, mumewe, akachukua sururu achimbe shimo la kufukia matumbo na kumwagia maji machafu, ukingoni mwa uwanja, karibu na barabara.

"Mama Firdausi, ule waya haupiti huku kweli? Mbona vigingi sivioni?"

Zena akamtupia jicho wifi yake. Rukaya alikuwa ameshainua kichwa, na mdomo ule ungefika Mlandizi kabla bwana harusi hajaoga. Aseme nini? Kwamba pilau ya harusi inaiva juu ya vitu vya wizi?

"Umepita ng'ambo ya barabara," akajibu. "Chimba bwana, nzi wanajaa."

Mwinjuma akachimba mpaka shimo likamfika kiunoni. Kisha akasimama.

"Zena! Njoo uone. Kuna utepe mwekundu huku, una maandishi."

Ndugu zangu, Zena aliujua utepe ule. Mkutanoni mafundi waliuinua juu kila mtu auone: ukikutana nao, weka jembe chini. Akafungua kinywa.

"Kaka naye!" Rukaya akamdaka. "Siku ya harusi ya mwanao unaogopa plastiki?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Zena naye akacheka.

Sururu ikashuka.

Moto wa buluu uliruka kutoka shimoni na mshindo ukawalaza wanawake chini. Walipoinuka, Mwinjuma alikuwa amelala shimoni, shati linaungua mwilini. Mafundi wa umeme walipigiwa simu, umeme ukakatwa, ndipo akatolewa, akakimbizwa hospitali kwa gari lililopambwa maua. Madaktari waliokoa roho yake. Mkono wa kulia haukuokolewa.

Mwinjuma alipoweza kuzungumza, Zena alikuwa kando ya kitanda na bakuli la uji, Rukaya miguuni.

"Pale nilipokuita," Mwinjuma akasema polepole, "ulikuwa unajua?"

Zena akamtazama wifi yake, akautazama ule mkono wa shati uliolala mtupu.

"Nilijua, baba Firdausi. Vigingi niliving'oa mimi. Ndiyo yale mafiga."



Mwinjuma akageuza uso kutoka kwenye bakuli. Hakumfokea. "Mpe Rukaya kijiko," akasema. "Yeye ndiye atanilisha."

FUNZO

Kigingi cha umeme si jiwe la kuokota. Kimewekwa ili mwenye jembe arudi nyumbani mzima, na anayeking'oa anachimba kaburi asilojua ni la nani. Na sisi wapenda shughuli tujiangalie pia: tunaogopa kusemwa na watu kuliko tunavyoogopa kuumiza watu. Ukiwa umekosea, sema hapo hapo, hata kama uwanja umejaa na wifi yako anasikiliza. Wakucheke. Zena leo angelipa chochote achekwe siku ile.