Kadi Isiyoshiba

Feni ya ile kadi ya picha ndani ya kompyuta ilianza kuzunguka kabla Mideva hajaiwasha. Alidhani macho yanamdanganya. Akabonyeza swichi, akaendelea kuunganisha video ya mazishi aliyoiahidi familia moja ya Khayega.

Kazi hiyo aliifanyia nyumbani, Kakamega mjini, katika chumba alichokaa na mama yake. Mapafu ya Mama Pascalia yalikuwa yamechoka, akawa anapumua kwa mashine ya oksijeni. Mideva alizoea kukitazama kile kimpira kinachoelea kwenye kipimo cha mashine zaidi kuliko alivyotazama saa.

Kadi ya picha ilikuwa ya mtumba, kutoka soko la Lubao. Fundi Shitanda ndiye aliyeipachika, na ndiye aliyeitwa chumba kilipoanza kunuka nywele zilizoungua. Alipima, akapima tena. Akaeleza kwamba kadi inaruhusiwa kuvuta wati sabini na tano tu kupitia ile bodi kubwa inayobeba kila kitu ndani ya kompyuta. Umeme mwingine wote huja kwa waya wake. Hii ilikuwa inavuta mia nne, zote kupitia bodi. Tundu ilimochomekwa lilipaswa kuwa limeyeyuka. Shitanda akaligusa, akauondoa mkono upesi. Lilikuwa la baridi kama jiwe la mtoni.

Akachomoa plagi ya kompyuta ukutani. Feni haikusimama. Papo hapo Mama Pascalia akaanza kuhema, na kimpira kikashuka, ingawa mashine ya oksijeni ilikuwa ikinguruma vizuri.

"Rudisha," Mideva alinong'ona. "Rudisha plagi, Shitanda."

Iliporudi, mama akavuta pumzi. Shitanda akajaribu kuing'oa kadi yenyewe. Alipogusa skrubu ya kwanza tu, mama akajishika kifua. Basi wakaiacha. Fundi akapanda pikipiki kwenda Ekero kumtafuta maalim mmoja aliyesifiwa kwa kutoa majini, akaambiwa yuko msibani, hatakuja mpaka kesho kutwa.

Mideva hakuzima kompyuta tena. Aliipepea bodi kwa kipande cha katoni huku akiiona ikigeuka kahawia, kisha nyeusi pembeni. Aliomba kimya, jinsi waumini wa kanisa lake la Marafiki, yaani Quaker, wanavyoomba, na kimya kilipomshinda akaomba kwa sauti bodi isiungue.

Siku ya pili, saa tisa alasiri, mvua ikaja na radi zake, umeme ukakatika, mashine ya oksijeni ikanyamaza, na Mideva akafungua mtungi wa akiba na kumvisha mama mpira puani, lakini feni ilikuwa ingali inazunguka, sasa kwa kasi, kwa sauti ya mtu anayemalizia soda kwa mrija, na mtungi wa kutosha saa sita ukasoma nusu, ukasoma robo, na midomo ya mama ikawa zambarau, na harufu ya nywele ikajaa hadi akawa kama anaila, ndipo alipopiga magoti na kuweka viganja vyote viwili juu ya kadi.

"Mwache mama," alisema. "Kunywa hapa."

Baridi ikampanda mpaka mabegani. Feni ikasimama. Bodi ikapasuka kwa mlio mdogo, ikatoa moshi. Nyuma yake mama akakohoa, akamuuliza mbona amekaa sakafuni.

Kesho yake maalim alifika na Shitanda, ambaye sasa aliing'oa kadi bila taabu. Maalim alisoma aya juu ya kadi, akasita, akaipindua, akaiweka chini kama kipande cha bati.

"Hayumo humu tena, binti yangu," alisema taratibu. Alipoaga, hakumpa mkono.

Mama Pascalia alipona, akala ugali na kuku, obusuma na ingokho, na majirani wakamshukuru Mungu. Mideva hakumgusa tena. Simu zilikuwa zikizima mkononi mwake, na kifaranga alichokiokota uani kililala kiganjani kisiamke.

Mwezi wa pili baada ya hapo mdogo wake Tracy alikuja kutoka Eldoret na mtoto wa siku arobaini.

"Mshike basi," Tracy alisema. "Si ni wako pia?"

"Mpe mama," Mideva alijibu, akaficha mikono nyuma ya mgongo.

Mtoto akamgeukia, akatabasamu. Huko nyuma, vidole vya Mideva vilianza kufunguka vyenyewe, kimoja kimoja.