Safina Ashuka Dunguni

Mpunga ulikuwa umeanza kuiva. Safina na mumewe, Maneno, walikuwa wamehamia dunguni, kibanda kilichosimama juu ya nguzo katikati ya shamba lao, bondeni Rufiji. Huko waliamia ndege, wakiwafukuza wasile mpunga. Alfajiri ukungu ulifunika bonde zima, dungu likawa kama linaelea. Safina alizipenda saa hizo. Alishika kamba ya makopo ya kutishia ndege, akawaza.

Alimwaza Mwanawetu, mwanamke wa kijijini kwao. Safina alimzaa binti yao Sabra mtumbwini, zahanati ikiwa mbali, na Mwanawetu ndiye aliyemshika mkono. Alimtaka awe diwani, awapiganie wapate zahanati. Uchaguzi uliopita alikwenda kumpigia kura. Akaitazama karatasi juu hadi chini, jina halikuwepo. Alilia njia nzima.

"Safari hii, Oktoba, nitawahi mapema kumpigia Mwanawetu," alisema.

"Utalala huko huko kituoni, nakujua," Maneno akamtania.

Jirani yao Johari, katibu wa tawi la chama chao, alikuwa amekuja kuomba moto. Akasikia.

"Shoga, Oktoba utakuwa umechelewa. Majina huchujwa kwanza ndani ya chama, kwa kura za maoni. Mara ile Mwanawetu alishindwa huko, kwa kura chache tu. Ninyi mlikuwa huku na ndege wenu."

Moyo ulimuuma Safina. "Kumbe ni sisi tuliomwangusha?"

"Hamkujua."

"Na rais je, naye huanzia huko?"

"Kila nchi na utaratibu wake. Kwetu, mkutano mkuu wa chama ndio humteua mgombea. Marekani huanza na wananchi wa kawaida, jimbo kwa jimbo. Majimbo mengi hupiga kura ya siri. Machache huitisha mikutano ya mitaa. Watu hukusanyika ukumbini, hujadiliana, kisha huchagua. Kwingine husimama makundi makundi, kila kundi na mtu wake. Kura hizo humpa mgombea wajumbe wa kumuunga mkono kwenye mkutano mkuu wa chama. Mwenye wajumbe zaidi ya nusu ndiye anayeteuliwa na mkutano huo kugombea urais."

"Na asiyekwenda?"

"Atachagua kati ya waliochaguliwa na wenzake."

Safina aliutazama ukungu. Aliwaona watu wa mbali, wamejifunika makoti mazito, theluji inaanguka, nao wametoka kwenye nyumba zenye joto wakasimame upande wa mtu wao. Aliwaonea wivu.

"Za kwetu lini?"

"Kesho kutwa, ofisi ya tawi. Njoo na kadi ya uanachama."

"Na ndege?" Maneno akaruka. "Kwelea wakishuka hapa hatuvuni hata punje!"

"Tutapokezana, baba Sabra. Naanza mimi, nikirudi unakwenda wewe."

Siku hiyo nzima Safina alipita na mtumbwi dungu hadi dungu, akiwaambia wenzake. Kesho kutwa yake, wake walikwenda kupiga kura, waume wakabaki wakitikisa makopo. Kisha wakabadilishana. Mwanawetu aliongoza, na vikao vya chama vikalipitisha jina lake.

Oktoba, Safina alifungua karatasi kituoni. Picha ya Mwanawetu ilikuwepo. Alisimama akiitazama, kalamu mkononi, machozi yakimlengalenga.

"Mama, unahitaji msaada?" karani aliuliza kwa mbali.

"Hapana, mwanangu. Niache kidogo. Humu yumo mtu niliyemleta mimi."