Mikono Isiyo na Mwenyewe

"Samahani, hiyo mikono ni ya nani?"

Mtazamaji mmoja aliuliza hivyo chini ya video, katikati ya watu waliokuwa wakiulizana bei na wengine wakimmiminia Chifu sifa. Hakuna aliyemjibu. Chifu alilisoma swali huku anatafuna mkate, akalifuta, akaendelea kutafuna. Jibu lilikuwa sentensi moja tu. Angeiandika siku ile, haya yote yasingetokea, na ndiyo maana mpaka leo nikimfikiria natamani kurusha kiti.

Chifu ni jina lake la mtandaoni. Kazi yake ni kuchambua wanasesere wa wakusanyaji, vile viroboti vidogo vya plastiki ambavyo ukikunja hapa na kuzungusha pale vinageuka mnyama. Watu wazima, wenye kazi na watoto, wanamsubiri awaambie kama viungo vimekaza au vimelegea, kama rangi imevuka mstari, kama mkia unachomoka. Hilo sina ugomvi nalo. Kila mtu na starehe yake.

Ugomvi ni mikono. Chifu ana vidole vinene vinavyotoka jasho. Akishika kiungo kidogo kinateleza, akilazimisha kinavunjika. Kwa hiyo anayekunja na kukunjua mbele ya kamera ni mdogo wake wa kike, ambaye nyumbani wanamwita Sindano kwa wembamba wa vidole vyake. Sindano anasomea kutengeneza meno ya bandia. Anachonga jino kwenye nta mpaka ulimi wako mwenyewe ukaribishe mgeni bila kujua. Kamera inamkata kwenye viwiko, naye Chifu anakaa nje ya picha na kipaza sauti chake, anasema, "Tazameni ninavyomkunja." Ninavyomkunja! Na watu wanaandika: Chifu, una mikono ya dhahabu.

"Kaka, nitaje hata mara moja," Sindano aliwahi kumwambia.

"Nikutaje ili iweje? Watu wamenizoea mimi. Kwani mikono inaongea?"

Mama yao alikuwa anapita na beseni la nguo. "Mnagombania midoli, na umri huo?" akasema, akaenda zake kuanika. Hivyo ndivyo dai la haki linavyogeuzwa kelele za watoto, na aliyedhulumiwa anaambiwa anyamaze kwa sauti ileile anayoambiwa mdhulumu.

Siku ya video ile, Chifu alikuwa amenunua roboti wa mitumba kutoka kwa mjane wa mkusanyaji mmoja. Alikuwa mdogo, anaenea kwenye kiganja, rangi ya kutu, na akikunjwa anakuwa kakakuona, magamba yakipandana moja juu ya jingine hadi anajiviringa mpira. Kazi nzuri kweli. Ila alikuwa na harufu ya nywele zilizoungua, na hakuwa na mikono. Kwenye vifundo, pale viganja vinapoanzia, palikuwa na matundu mawili matupu. Kwa mkusanyaji, hiyo ni kasoro ya kushusha alama zote.

"Viungo vimekaza, mlio wake mtamu, sikilizeni," Chifu alisema kwenye kipaza sauti, na Sindano akazungusha bega la roboti: tak, tak. "Lakini mikono hana, jamani. Roboti bila mikono atashikaje silaha?" Akacheka. "Usihuzunike, mzee. Chukua hii yangu. Haya, mpe mkono, chukua yote miwili, nimekupa."

Akamkonyeza Sindano. Sindano, ambaye alishachoka kubishana, akanyoosha viganja vyake mbele ya roboti.

Tak.

"Umemgusa?" Chifu aliuliza.

"Sijamgusa."

"Basi ni plastiki inapumua kwa joto la taa. Endelea."

Video ikawekwa. Ukiitazama kwa makini pale baada ya utani, utaona kidole gumba cha kulia cha Sindano kinapinda kwenda nyuma, taratibu, mpaka ukucha unagusa kifundo, kisha kinarudi. Sindano alikuwa amekiona mapema, wakati wa kuhariri. Akamwonyesha kaka yake. Kaka yake akasema ni kivuli. Na ndipo swali lile likaandikwa, na ndipo likafutwa.

Ilianza mezani, mchana kweupe. Mama alikuwa anapakua chakula akasikia tak, tak, akadhani ni kifuniko cha sufuria. Akafunika vizuri. Tak. Akageuka, akamkuta Sindano anatazama mkono wake wa kushoto ukijikunja: kidole kidogo kwanza, kisha cha pete, kisha kiganja kikijipinda katikati kama kitabu.

"Acha hiyo michezo, mwanangu, unanitia kichefuchefu."

"Mama, siyo mimi."

Chuoni hali ikawa mbaya zaidi. Walikuwa wanajiandaa kwa mtihani wa vitendo, ambao ukiufeli umefeli mwaka. Sindano akashika nta achonge gego, na vidole vikachonga gamba. Akaiponda, akaanza upya. Gamba tena, safi, lenye mistari. Mwalimu akasimama nyuma yake, akauliza kama sasa wagonjwa watatafunia magamba ya samaki. Darasa likacheka. Sindano hakucheka, kwa sababu alikuwa amejaribu kuachia kile kisu cha kuchongea na mkono ulikuwa umekataa.

Aliporudi nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la kaka yake. Harufu ya nywele zilizoungua ilimpokea mlangoni. Roboti alikuwa amesimama mbele ya wenzake wote, na alikuwa na mikono. Midogo kama punje za mchele, lakini siyo ya plastiki. Ilikuwa na rangi ya ngozi. Kwenye kiganja cha kulia palikuwa na kovu jeupe, lilelile alilolipata Sindano kwa nta ya moto mwaka wa kwanza.

Alimwita kaka yake. Chifu akainama, akatazama, na unajua alisema nini? Mdogo wake amesimama pale, vidole vinalia kama kufuli, na yeye akasema:

"Hii itavunja rekodi. Kaa hapo, nawasha taa."

"Kaka, naumia."

"Dakika moja tu. Mkunje hadi mwisho, halafu tutampeleka popote unapotaka. Usininyime hii, mdogo wangu."

Sindano hakukaa kwa hiari. Mikono ndiyo iliyokwenda mezani, ikamvuta yeye nyuma yake kama mbuzi wa kamba. Taa ya duara ikawaka, kamera ikafunguliwa, naye Chifu akaanza na sauti yake ya asali, "Karibuni tena, leo mikono yangu ina kazi," na papo hapo vidole vya Sindano vikamshika roboti vikaanza kumkunja, bega kwanza, kisha kiuno, kisha magamba, tak, tak, tak, kwa kasi ambayo haikuwa ya binadamu, na kila kiungo kilichokunjwa kwenye roboti kilikunjika kwenye mwili wake, bega likashuka, kiuno kikapinda, mgongo ukaanza kujiviringa chini ya blauzi huku kitu kigumu kikipandana kimoja juu ya kingine pale penye uti, na harufu ya nywele ikajaa chumba mpaka macho yakatoa machozi, na ikabaki hatua ya mwisho tu, ile ambayo mikono ya kakakuona huingia kifuani na kupotea, na Sindano akaona viganja vyake vinamwachia roboti, vinageuka, vinamjia yeye mwenyewe, ncha za vidole zinatua juu ya mfupa wa kifua na kuanza kusukuma, kusukuma, na ngozi ikaanza kuachia, na kaka yake bado anasema, "Oneni kazi hiyo, wakusanyaji, oneni ninavyomalizia."

Mama ndiye aliyeng'oa waya ukutani. Aliingia kwa sababu ya kelele, akaona, akang'oa, kisha akamrukia binti yake akamkamata vifundo akavikalia kwa uzito wake wote. Midoli iliacha kuwa midoli siku hiyo.

Mganga waliyemkimbilia alikuwa mwanamke mwenye haraka, amefunga kanga kifuani, feni yake inapiga kelele. Alimtazama Sindano, akanusa, akasogeza kiti.

"Huyu hakuvamiwa. Huyu amekabidhiwa," alisema. Akamwekea chetezo cha ubani chini ya miguu. "We uliyemo. Nani kakuita?"

Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mzima mpole, na hiyo ndiyo iliyomfanya mama aanze kulia.

"Sikuitwa, nilipewa. Nilikaa muda mrefu kwenye kitu kisicho na mikono. Mtu akasema mbele ya watu: chukua hii yangu, chukua yote miwili."

"Haikuwa yake."

"Ndivyo nilivyoshuku. Ndiyo maana nikauliza. Niliandika kwa adabu, nikaanza na samahani. Nikauliza mikono ni ya nani. Akafuta." Sindano, au aliyekuwa ndani yake, akageuza shingo akamtazama Chifu. "Mimi si mwizi. Kitu kisichotajwa mwenyewe ni cha anayekitaka."

Chumba kizima kilimgeukia Chifu. Alikuwa ameloa jasho mpaka mikononi.

"Mimi nilikuwa natania," alisema.

"Ulitania na mwili wa nani?" mganga akamuuliza. "Rudisha. Ulikotoa ndiko utakakorudishia. Mbele ya wale wale. Na maneno yakae pale. Ukiyaondoa, umempa tena."

"Lakini wataniona mwongo! Miaka yote hiyo… Si kuna kafara? Nilete kuku?"

"Kuku kakosa nini?" mama akafoka. "Washa hiyo simu kabla sijakufukiza wewe!"

Akawasha. Alisema akiangalia chini, nusu ya maneno akiyameza, na mganga akamrudisha mwanzo kila alipoyang'ata. Mwishowe ikasikika: mikono mnayoiona kwenye video zangu zote si yangu, ni ya mdogo wangu wa kike, na sikuwa na haki ya kuitoa. Sindano akapiga ukelele mmoja. Viungo vikafunguka kimoja kimoja, kuanzia uti wa mgongo hadi vidole. Roboti, waliyekuwa wamekuja naye na kumweka juu ya mkeka, akaangusha punje mbili nyeusi, kavu. Mganga akazifagilia kwenye moto, na harufu ikaondoka kama mtu aliyefunga mlango nyuma yake.

Sindano akarudi chuoni. Akachonga gego, likatoka gego.

Ningependa kuishia hapo. Lakini Chifu ni Chifu. Watazamaji walianza kumcheka, wengine wakamwuliza kwa nini wasimfuate dada mwenyewe. Hakuvumilia. Aliondoa ungamo lile, akaandika kuwa yalikuwa maigizo, kionjo cha kipindi kipya, mnanipenda au hamnipendi? Wakampigia makofi ya vikaragosi vya simu. Kisha akatoa video mpya. Sindano alikuwa amekataa kumkunjia tena, kwa hiyo akaunga vipande vya zamani, vya mikono ileile, akaviwekea sauti mpya: "Tazameni mikono yangu."

Jana Sindano alikuwa anafunga kifungo cha shati. Tak.

Mama amekwenda kumsihi mwanawe, amefungiwa mlango. Mganga amesema hana la kuongeza, alishasema. Na chini ya video ile mpya, katikati ya wanaouliza bei, swali limerudi, kwa adabu ileile, linaanza na samahani. Sindano alilijibu kwa kidole kimoja kilichokuwa bado kinamtii. Chifu alifuta jibu, akamzuia asiandike tena. Mimi nilijibu, nikazuiwa pia. Swali lenyewe safari hii limegoma kufutika. Linasubiri, na mtihani wa Sindano ni wiki hii.

Wewe Chifu hajakuzuia bado, na sasa unajua mikono ni ya nani. Tafadhali, nenda ukamjibu anayeuliza.