Mtumbwi Ulioshonwa kwa Sari

Jabali lilikuwa shibiri moja tu chini ya maji, na Donatus aliliona wakati mtumbwi umeshalipanda. Mbao zililia. Kasia moja liliruka likapotea, Donatus akaangukia ukingo kwa bega, na maji ya ziwa yakaanza kuingia kupitia mshono wa chini bila hata kubisha hodi.

Mwasiti hakupiga kelele. Pumzi ya kupigia kelele ilikuwa imemwishia tangu dhoruba ilipoanza. Yeye ni mtu wa Ngokolo, mjini Shinyanga, ambako mvua ikinyesha siku mbili mfululizo watu hutoka nje kuitazama. Kuogelea hakujui hata ndotoni.

Aliyemponza ni Lataben. Miaka ishirini Mwasiti alikuwa ameshona kwenye baraza ya duka la kanga la Ramniklal, na mzee huyo alipofariki, akaendelea kushona pale pale kwa mjane wake, huyo Lataben. Sasa duka limefungwa. Jumatatu Lataben anasafiri kwenda Uingereza kwa binti yake Anar, na kurudi hakuna. Kabla ya kuondoka alitaka jambo moja tu: kuuona ufuko wa Kasenyi, upande wa Geita, ambao marehemu aliusifia kila mwaka. Mchanga mweupe pe, alisema, na mahali penyewe hapajulikani. "Msimu wa pamba ukiisha nitakupeleka," alimwahidi mkewe, na kila msimu ulipoisha kulizuka shughuli nyingine mpaka mauti yakamkuta.

Barabara haifiki Kasenyi. Ndiyo maana walimkodi Donatus, kijana wa Kizinza, mwenye mtumbwi wa babu yake. Ulikuwa wa zamani, ambao mbao zake hazikupigiliwa misumari bali zilishonwa kwa kamba. Na kamba hizo ndizo zilizokatika.

Upepo uliwasukuma hadi kwenye kijani kibichi, mafunjo marefu kuliko mtu. Mwasiti aliruka wa kwanza. Alifunga kamba ya mtumbwi kwenye shina nene, kwa fundo lile lile analofungia mbuzi nyumbani, akamvuta Lataben, kisha wote wawili wakamburuta Donatus aliyekuwa amezimia.

"Alhamdulillahi, nchi kavu!" alisema.

Kwao Shinyanga, penye majani pana udongo chini yake. Hakuwa na sababu ya kufikiri vingine.

Mvua ilipokatika, aliinua macho. Ule mlima wenye kipara, ambao muda mfupi uliopita ulikuwa karibu nao, sasa ulikuwa mdogo kama figa la jikoni.

"Mama Anar, ule mlima unakwenda wapi?"

Lataben, ambaye siku zote alimwita Mwasiti kwa jina la mwanawe, aliutazama. "Mlima hauendi, Mama Tabu. Sisi ndio tunakwenda."

Wakati huo Donatus alizinduka. "Mmefunga wapi mtumbwi?"

"Hapa, kwenye nchi."

"Mama yangu, hii si nchi. Ni mafunjo yaliyoshikana mizizi, yanaelea. Upepo ukiyang'oa yanakwenda popote. Yakifika kwenye mawimbi makubwa yatasambaratika."

Uso wa Mwasiti uliwaka kwa aibu. Amewaokoa watu kutoka majini akawafunga juu ya majani! Alitaka kulia, na huenda angelia kama Donatus hangekuwa anatetemeka mbele yake, bega limetoka mahali pake.

"Tutalaumiana tukifika," alisema. Akamfunga mkono kifuani kwa mtandio. "Niambie la kufanya."

"Sasa upepo unatoka nchi kavu. Jua likipita utosini utageuka, utavuma kurudi huko huko. Ukigeuka, mtumbwi uwe tayari. Mafunjo haya hayatafika jioni."

"Unashonwaje?"

Donatus alimtazama, akaona kwamba hatanii. "Kama gunia. Matundu yako pale pale. Kamba ndiyo hakuna; hiyo ya kufungia ni nene, haipiti matunduni."

Kama gunia! Mwasiti akakimbilia kikapu chake. Kila msimu wa pamba alishona magunia, na asubuhi ile alikuwa amefunga mdomo wa kikapu kwa uzi wa katani na kuiacha shazia, ile sindano ndefu ya magunia, imechomekwa pembeni. Bado ilikuwapo, na mkasi ulikuwa ndani, ila uzi wenyewe haukutosha hata matundu matatu.

Walimenya maganda ya mafunjo wakasokota. Donatus alivuta kidogo tu, yakakatika. Wakasokota tena kwa unene zaidi, yakakatika tena. Maji sasa yaliwafika vifundoni, na kila walipokanyaga mahali pamoja kwa muda, mguu ulididimia hadi gotini.

Lataben alisimama, akaanza kufungua sari yake nyeupe ya ujane.

"Yadi sita," alisema. "Niliipima mwenyewe. Kata."

"Mama Anar, utabaki na gaguro mbele za watu?"

"Kata, Mama Tabu!"

Mwasiti alivua kanga yake ya juu akamfunga kiunoni. Mwanamke huyu kwa miaka ishirini alikuwa akiwafukuza dukani wateja walioomba kanga moja badala ya mbili. "Doti haikatwi," aliwaambia, bila kuinua uso. Leo alikaza fundo la kanga moja.

Waliuburuta mtumbwi juu ya mafunjo wakaulaza ubavu. Wakachana, wakasokota, mmoja huku na mwingine kule. Mwasiti alipitisha shazia tundu baada ya tundu, akavuta kwa mguu na meno. Donatus aliketi akielekeza: "Kaza. Bado. Kaza mpaka ubao ulie." Vitambaa vilivyobaki walivishindilia kwenye upenyo. Pande zima la mafunjo, kubwa kama nyumba, lilimeguka likaenda zake na korongo wake juu. Mwasiti aliliona. Akashona.

Upepo ulipogeuka, maji yalikuwa yamewafika magotini.

Mwasiti alichukua kasia lililobaki. Lataben alikata kibuyu cha maji alichokibeba Mwasiti kutoka Ngokolo, kile ambacho Donatus alikicheka asubuhi, eti mama anapeleka maji ziwani, akaanza kuchota na kumwaga. Mshono ulivuja kidogo, kama jasho, lakini ulishika.

"Elekea kipara cha mlima," alisema Donatus. "Tatu kulia, tatu kushoto. Usitazame maji."

Hakuyatazama. Malengelenge yalitumbuka viganjani, akaendelea, tatu kulia, tatu kushoto, mpaka mtumbwi ulipokwaruza chini na Donatus akasema kwa sauti ya kuchoka, "Kasenyi, mama zangu."

Wavuvi wawili walikuja mbio wakamchukua kwenda kwa mtu anayerudisha mifupa. Lataben alishuka, akachota mchanga, akaugeuza kiganjani. Ulikuwa na rangi ya ugali wa mtama.

"Mweupe pe!" alisema. "Mwongo mkubwa yule mwanaume!"

Alicheka hadi akakaa chini, kisha akalia, na Mwasiti akakaa naye mpaka akamaliza.

Jumatatu, kituoni Shinyanga, Mwasiti alikuwa amefua na kukunja kanga yake ya pili, pacha wa ile iliyobaki kwa Lataben. Akampa. "Chukua zote, Mama Anar. Doti haikatwi."

Lataben alimrudishia, akamfumba vidole vilivyojaa malengelenge juu yake.

"Hii imekatwa," alisema, akapanda basi.