Aliyeshika Miguu

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Adventina alipomwona Felicitas akishuka mtumbwini na kapu la ndizi na senene wa kukaanga, alidhani amepona kabisa upweke wa kisiwa.

Adventina alikuwa binti wa kijiji cha Kanazi. Mwaka ule wa operesheni ya vijiji alijitolea kwenda kufundisha watu wazima kusoma, katika kisiwa kidogo upande wa Muleba, nyuma ya kisiwa kikubwa cha Bumbire. Kwa watu wa kwao, wanaozaliwa na kuzikwa migombani, huko kulikuwa ng'ambo. Kijiji kilimpa nyumba tupu kando ya maji, naye hakuuliza ilikuwa ya nani. Felicitas, rafiki yake tangu shule ya masista, alipofika kumtembelea, nyumba ile ilijaa vicheko.

Jioni moja, jua likizama, walishuka ziwani kuchota maji ya kupikia. Felicitas aliingia hadi magotini, akainama kujaza ndoo. Akateleza, maji yakamfunika.

Hakuinuka.

"Felicitas?"

Ziwa lilitulia. Harufu ya matope na samaki waliooza ikapanda... Kisha akaibuka, polepole, macho wazi. Ndoo hana. Kifuani amekumbatia jiwe kubwa lililofungwa kamba ya katani iliyooza, kama mama aliyebeba kichanga.

"Mae! Umenitisha. Litupe hilo jiwe, twende."

Felicitas akampita bila kumtazama, akapanda kuelekea nyumbani.

Ndani alisimama katikati ya chumba, maji yakimchuruzika. Akatazama ukuta huu. Akatazama ule.

"Nani amekihamisha kitanda changu?"

Ilikuwa sauti ya mzee. Ya kiume.

Adventina alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeomba iwe utani. Akanyoosha mkono alipokee jiwe. Felicitas akalizungusha kwa kamba yake. Kwaa! Mfupa wa mkono ukavunjika kama ukuni mkavu. Adventina akaanguka akipiga yowe. Jiwe likapanda tena, likashuka, likachimba sakafu pale pale kichwa chake kilipokuwa kabla hajabiringika.

Mlango ukapigwa teke. Aliingia Kagaruki, mwenyekiti wa kijiji, jirani mpole aliyezoea kumletea sato. Mkononi ana kasia.

"Kagaruki," ile sauti ikasema, taratibu. "Wewe ulishika miguu."

Mwenyekiti akabadilika rangi.

"Rugemalira..." alinong'ona.

Akampiga Felicitas kichwani. Damu ikaruka ukutani. Akampiga tena. Msichana akaanguka, akalia, na safari hii alilia kwa sauti yake mwenyewe.

"Adventina! Nisaidie!"

"Mzee, basi!" Adventina alipiga kelele. "Felicitas amerudi! Ni yeye mwenyewe!"

Kagaruki hakuacha. Alikuwa anahema.

"Amenitaja. Toka nje, mwalimu. Hukuona kitu."

Ndipo Adventina alipoelewa kwamba mtu huyu hakuja kuokoa yeyote. Alijitupa juu ya rafiki yake, na mkono wake uliovunjika ukining'inia. Kasia likampata mgongoni, pumzi ikakatika. Alifumba macho kungoja jingine.

Halikushuka.

Alipofumbua macho, Felicitas alikuwa amekwisha simama, uso wote damu. Kamba ilikuwa shingoni mwa Kagaruki. Ilikuwa imeoza, lakini haikukatika. Msichana yule, ambaye kwao gunia la kahawa lilimshinda kuinua, alimburuta mwanamume mzima mlangoni, akamburuta mteremkoni. Kucha za Kagaruki zilichimba udongo. Jiwe likawafuata likidunda. Du... du... du...

Watu walitoka kutazama. Wakamwona mwenyekiti wao akiburutwa. Kisha milango ikafungwa, mmoja baada ya mwingine.

Adventina alitambaa hadi kizingitini. Majini aliona vichwa viwili. Kisha kimoja.

Kisha maji matupu.

Felicitas alitoka ziwani peke yake, mikono mitupu, akitetemeka.

"Mbona nimelowa?" aliuliza. "Na mkono wako, dada, umefanya nini?"

Kulipopambazuka, bibi Kokubanza, mmoja wa wanafunzi wa Adventina, aliwaombea nafasi katika mtumbwi wa wachuuzi wa samaki. Akiwa anamfunga Adventina kitambaa cha kushikilia mkono, alisema kwa kunong'ona.

"Watoto walikuwa wanakufa. Wakasema mchawi ni Rugemalira. Wakamfunga jiwe akiwa hai, wakamtosa ziwani, nyumba yake ikawa mali ya kijiji."

"Alikuwa mchawi kweli?"

Bibi alikaza fundo la kitambaa.

"Baada ya hapo watoto waliacha kufa, waitu, mwanangu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Nyumbani Kanazi, mkono wa Adventina uliunga vibaya, ukapinda. Felicitas alipona jeraha la kichwa, naye hakukumbuka lolote. Alicheka kama zamani. Aliimba kanisani. Adventina akaanza kupata usingizi tena.

Hata mchana mmoja wa kiangazi, Adventina akianika kahawa uani, Felicitas akaja amevaa nguo za safari.

"Nisindikize mjini, Rwamishenye."

"Una nani Rwamishenye?"

Felicitas alikunja uso, kama mtu anayetafuta neno lililomtoka.

"Jina lake silijui. Alihama kisiwani." Akafikiri kidogo. "Alishika kichwa."

Adventina alimtazama akipotea njiani katikati ya migomba, na hakumwita.

Jioni Felicitas alirudi na mkate wa mjini, mchangamfu, akiuliza kama chai ipo. Kanga yake ilikuwa imelowa hadi kiunoni. Mbingu ilikuwa nyeupe, vumbi limetanda, na mvua haikuwa imenyesha popote.

Adventina aliupokea mkate. Akampa kanga kavu, akaikamua ile nyingine kwa mkono wake mzima, akaianika nyuma ya nyumba kabla mama hajaiona.