Machozi ya Carmen na Neno "Data"

Consolate aliuza lengalenga, yaani mchicha, sokoni Kanyosha. Kila asubuhi aliwasha mbabula, jiko lake la makaa, akapika uji, akamwita binti yake. Na kila asubuhi Carmen alikunja uso.

"Mama, tumbo inauma."

"Kunywa buyi, uende ku masomo."

Baba yake Carmen, Astère, aliuawa kwa risasi njiani akirudi kutoka kazini. Tangu siku hiyo mtoto alikuwa mnyonge. Majirani walisema, "Mumuache, vita imemuingia mu kichwa." Hata mwalimu wake aliamini hivyo. Siku moja alimsimamisha asome neno "data", yaani baba kwa Kirundi. Carmen akaangua kilio. Mwalimu naye machozi yakamlenga, akamwambia akae. Toka hapo hakumwomba asome tena. Huruma ya namna hiyo, jamani, inaweza kumzika mtoto angali hai!

Mwishowe Consolate alikata tamaa. Aliona masomo yanamtesa mtoto bure. Akapatana na mama mmoja wa mtaa wa Kinindo kwamba Jumatatu Carmen aache shule, aende kwake kulea mtoto mchanga.

Alhamisi risasi zikalia kule milimani, shule zikafungwa. Consolate alijua binti yake atajificha chini ya kitanda. Wapi! Carmen aliruka kamba uani, akala maharagwe, akaomba aongezwe. Tumbo halikumuuma hata kidogo. Mama alimtazama asiamini.

Jioni Carmen alipiga magoti kusali.

"Mungu, kesho pia wapige masasi."

Mwiko ulimponyoka Consolate.

"We mutoto! Unasema nini? Masasi ndiyo iliua papa yako!"

"Najua, mama. Lakini wakipiga, hatusomi."

Makelele yalimleta jirani yao, Prudence, mwalimu wa shule nyingine. Alisikiliza habari yote, kisha akaketi mkekani karibu na mtoto.

"Carmen, mwalimu alisomesha nini juzi?"

"Nyuki." Akaeleza yote: malkia, masega, asali. Hakukosea popote.

Prudence akachukua kipande cha mkaa, akaandika sakafuni maneno mawili: data, bata.

"Data iko wapi?"

Carmen alitazama, macho yakajaa machozi. "Yote iko sawasawa. Herufi zinageuka-geuka."

"Siku ile mu klasi, ulilia juu ya papa?"

"Apana. Nililia juu ya ile neno. Sikujua kuisoma. Wote wakasema ni juu ya papa. Mi nikanyamaza."

Consolate alishika kichwa. "Kumbe mutoto wangu ni mujinga?"

"Apana, Mama Carmen! Akili iko, si umesikia ile ya nyuki? Kichwa yake inachelewa tu kutofautisha herufi. Watoto wengi wako hivyo, hata wenye hawakuona vita. Huyu ana mizigo mbili. Tuliona huzuni, ile ingine hatukuiangalia."

"Ningejua namna gani?"

"Tumbo inauma siku ya masomo tu. Anajua kwa mudomo, mu kitabu anashindwa. Anatafuta kila njia asisome. Ukiona hivyo, muulize mutoto."

Consolate alijiogopa mwenyewe. "Jumatatu ningemupeleka Kinindo," alisema.

Kesho yake alikwenda Kinindo kuvunja mapatano. Shule zilipofunguliwa, yeye na Prudence walimwendea mwalimu wa darasa. Mwalimu alipigwa na butwaa. Muda wote ule alikuwa akimfuta mtoto machozi bila kumuuliza anacholilia! Walikubaliana kwamba Carmen aulizwe maswali kwa mdomo, asilazimishwe kusoma mbele ya wote, na asichekwe.

Jioni Prudence alimfundisha herufi moja moja. Carmen aliichora mchangani kwa kidole huku akitamka sauti yake. Walianza na d mpaka ikakaa kichwani, ndipo wakaenda kwenye b. Na kwa kuwa huzuni nayo ilikuwa ya kweli, Consolate alianza kumtaja Astère nyumbani. Walimlilia pamoja, na mara nyingine walicheka wakikumbuka vituko vyake. Maumivu ya tumbo yakapungua, kisha yakaisha.

Mwisho wa mwaka wazazi walikusanyika uwanjani kusikia matokeo. Majina yalisomwa kuanzia wa kwanza. Wa kwanza alipigiwa makofi mengi, wa kumi machache. Jua likawa kali, watu wakaanza kuondoka. Consolate alibaki amesimama. Sasa walikuwa wamebaki wachache tu, na baada yao ni wale wa kurudia darasa.

"Carmen. Wa thelathini na tisa. Anapanda darasa."

Consolate alipiga vigelegele mpaka mwalimu akaacha kusoma. Watu waligeuka kwa mshangao. Mama gani huyu anayeshangilia namba ya mkiani?

"Mama," Carmen alinong'ona kwa haya, akiitaja namba ile kwa Kifaransa, "ni ya trente-neuf."

"Nimesikia," alisema Consolate, akapiga tena.